Ushahidi wa Kulipwa Si Ushahidi

  Leo sina upishi wala mapambo ya harusi. Nina hasira, na mtanivumilia.

Mwezi uliopita nilikwenda Darajani kununua dawa ya meno. Kitu kidogo kabisa. Kijana wa dukani akaniwekea mbili mezani, moja ile tuliyoizoea nyumbani, ya pili bei yake karibu mara mbili. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ina nini cha zaidi?" Akaigeuza akanionesha nembo ya duara, na chini yake maandishi kwamba imependekezwa na chama cha madaktari wa meno. "Mama, hii ndiyo ya madaktari wenyewe." Basi, nikafungua mkoba. Sikuuliza la pili.

Nilipofika nyumbani, binti yangu, yeye yupo sekondari na macho yake hayapitwi na kitu, akachukua ile mpya na ile kuukuu iliyobaki kidogo, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Mama, mbona zote zimetiwa vitu vile vile?" Na kweli. Floraidi ile ile, kipimo kile kile. Tofauti ni rangi, harufu na ile nembo. Hicho chama cha madaktari ni cha nchi gani? Haikuandikwa. Kilipima nini? Haikuandikwa. Kililipwa? Hilo ndilo kabisa huwezi kulikuta. Kwa hiyo mie nilinunua nembo, na dawa ya meno nikapewa nyongeza.

Usiku nikawa najiuliza kwa nini mkono wangu ulikwenda wenyewe. Maana sie si wajinga wa kununua. Mwanamke wa hapa hauziwi samaki aliyelala. Utamfungua matamvua, utambonyeza, utamnusa, na muuzaji akikutania utamjibu. Kitambaa tunakivuta na kukitazama kwenye jua. Karafuu tunazijua kwa kuziuma. Lakini dawa ya meno haina matamvua. Maziwa ya kopo hayana, dawa ya homa haina, mashine ya kupimia presha haina. Kwa vitu hivyo macho yetu hayafiki, na ndipo tunapoazima macho ya mtu aliyesoma. Sioni aibu katika kuazima huko. Hakuna mtu duniani awezaye kupima kila kitu anachokinunua, hata huyo daktari akifika kwa fundi wa gari anakuwa kama mimi na wewe.

Aibu ni ya yule anayeazimwa macho kisha akayauza.

Nembo ya chama cha wataalamu ni nini hasa? Ni ushahidi. Wanasema mbele ya watu: sisi tunaojua tumekitazama kitu hiki, na tunashuhudia kwamba ni kizuri. Sasa tujiulize, kwa kadhi mambo yakoje? Shahidi mwenye manufaa yake ndani ya kesi, ushahidi wake hurudishwa. Hata akiwa mtu wa msikitini. Hata kama safari hii anasema kweli. Kadhi hamtukani, anamwambia tu kwamba wewe una chako humu, kaa pembeni. Tunakubali kanuni hiyo kwa shamba la minazi la urithi, lakini kwa kopo la maziwa ya mtoto tunaona ni sawa shahidi alipwe na mwenye kopo.

Nisije nikaonekana nawachukia wataalamu, naomba niwahadithie jambo lililokwenda vizuri. Marekani kulikuwa na dawa ya meno inayoitwa Crest, yenye floraidi, imekuwa madukani tangu katikati ya miaka ya 1950. Watu waliinunua kiasi, si sana. Mwaka 1960 chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo, baada ya kuzitazama tafiti zilizofanywa kwa watoto, kikatamka kwamba dawa hiyo inasaidia kweli kuzuia meno kutoboka, ikiwa mtu anapiga mswaki vizuri na anakwenda kwa daktari wake. Dawa haikubadilika hata chembe. Ilikuwa ile ile ya jana. Kilichobadilika ni neno la chama, na watu wakamiminika madukani. Miaka miwili tu baadaye Crest ikawa inaongoza kwa mauzo Marekani nzima. Na neno lile lilikuwa la kweli, floraidi inafanya kazi mpaka leo.

Hiyo ndiyo nguvu ya imani ya watu. Na kila mwenye biashara akaiona, akaanza kujiuliza itapatikana kwa bei gani.

Jibu moja lilikuja mwaka 1997, na kisa hiki nakipenda kwa sababu hakina pa kujificha. Chama kikubwa cha madaktari cha Marekani, AMA, kilichoundwa tangu 1847, kilitangaza mwezi wa Agosti kwamba kimefunga mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Sunbeam, watengenezaji wa vyombo vya umeme vya nyumbani. Jina la chama lingewekwa kwenye vipimajoto, mashine za presha, mito ya umeme ya kukanda mwili, na mashine za kutia unyevu chumbani. Kwa kila kitakachouzwa, chama kingepata mgao wake. Na bidhaa za washindani wa Sunbeam za aina hiyo hiyo, chama kisingeruhusiwa kuzitia jina.

Sasa nishikieni hapo. Ni nani alizipima mashine hizo akaziona bora kuliko nyingine? Hakuna. Chama hakikuwa na mpango wa kupima chochote. Yaani bibi wa watu mwenye presha anasimama dukani, anaona jina la madaktari, anaamini wamelinganisha mashine kumi wakamchagulia iliyo bora, na wao hawakuwasha hata moja.

Madaktari wenyewe, wanachama, ndio waliopiga kelele kwanza. Ndani ya siku chache chama kikaanza kurudi nyuma. Sunbeam ikaenda mahakamani kudai mkataba wake, na mwaka uliofuata AMA ikakubali kulipa dola milioni 9.9 kumaliza kesi, na wakuu wake kadhaa wakapoteza kazi. Nimewahi kumsikia mtu akisema basi, walijifunza. Mimi najiuliza: walijifunza nini, kutouza imani ya watu au kutoiuza waziwazi namna ile?

Maana mwaka 2015, huko huko, chama cha wataalamu wa lishe kiliruhusu alama ya mpango wake wa chakula cha watoto itokee kwenye pakiti za jibini ya vipande ya Kraft. Walipoulizwa wakasema ile si idhini, ni kampuni tu inayoonesha kwamba inauunga mkono mpango wetu. Hebu niambieni, mama aliyebeba kikapu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, atatofautisha vipi? Hapo pia wataalamu wa lishe wa kawaida, wale wanaokaa na wagonjwa, walikusanya saini, na wiki chache hazikupita makubaliano yale yakavunjwa. Mungu awalipe kheri. Nawataja makusudi ili tujue kwamba ndani ya kila chama wamo wanaoona haya.

Na sigara je? Miaka ya 1940 kampuni ya sigara za Camel ilijitangaza kwamba madaktari wengi zaidi wanavuta za kwao kuliko nyingine yoyote. Jarida la hao hao AMA lilipokea matangazo ya sigara kwa miaka ishirini, tangu 1933 mpaka 1953. Sitaki hata kuendelea nalo hilo.

Mtaniambia, hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Dawa ya meno niliyoinunua Darajani ilitoka ng'ambo na nembo yake. Nusu ya makopo na chupa tunazonunua zinashuka bandarini zikiwa tayari zimeshashuhudiwa, na shahidi hatumjui na hatuwezi kumfuata. Lakini acheni hayo ya mbali. Niwape la nyumbani kwangu.

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, siku ya nane hivi, mtoto analia usiku kucha, maziwa yanatoka kidogo kidogo, na kila aingiaye mlangoni ana neno lake. Nikatoka mimi kwenda duka la dawa. Nikapokelewa na mwanamke mpole, kavaa koti jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Nikamueleza. Akanisikiliza vizuri, wallahi, kuliko nilivyowahi kusikilizwa hospitali. Kisha akashusha kopo. "Hili ndilo wataalamu wa watoto wanalolipendekeza." Nikalipa. Baada ya siku tatu nikarudi kuchukua jingine, na baada ya hapo jingine. Wiki ya tatu kifua cha mdogo wangu kikawa kimekauka, kwa sababu maziwa ya mama hutengenezwa kwa kunyonywa, mtoto akishiba kopo hanyonyi, asiponyonya hayaji. Hilo mkunga yeyote angeniambia bure. Yule mwanamke wa koti jeupe hakuwa mkunga wala muuguzi. Alikuwa msichana wa mauzo, analipwa kwa idadi ya makopo. Nililijua hilo miezi baadaye, kwa bahati tu, nilipokutana naye harusini akiuza manukato.

Mtoto mzima, alhamdulillahi, anakimbia. Lakini ile pesa ya kila wiki ilitoka kwenye sahani za watu wanne.

Na msidhani koti lile ni jambo la jana. Miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, yakawavika sare za wauguzi, yakawapeleka wodini na majumbani kwa wazazi wa Afrika na Asia kugawa sampuli. Mtoto anakunywa sampuli, mama anakauka, kopo linalofuata ni la kununua, pesa haitoshi, maziwa yanazimuliwa kwa maji mengi, maji yenyewe si salama, mtoto anaharisha. Wangapi walizikwa hivyo! Ghadhabu za watu zikafika pahali kwamba mwaka 1977 Wamarekani wakaanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha sheria za uuzaji wa maziwa hayo: kura 118 zimekubali, 3 hazikuegemea upande, moja tu imekataa, ya Marekani. Humo imo kwamba wauzaji wa makampuni wasimfuate mama mjamzito wala mzazi. Tanzania Bara nako kuna kanuni zake, zile za 2013, zenye makusudio hayo hayo.

Kwa hiyo aliyenivalia koti alijua, au aliyemtuma alijua.

Ngoja, kabla sijatumiwa maneno: kopo halina dhambi. Yuko mama mgonjwa, yuko mtoto aliyefiwa na mama yake, yuko aliyejaribu kila njia akashindwa. Asije mtu hapa akamsimanga mwenzake kwa chupa. Ninalolikasirikia ni koti.

Na vyama vya madaktari wa watoto, ambao ndio tungetegemea wasimame mlangoni na fimbo, vingi duniani vimekuwa vikipokea pesa za makampuni hayo hayo kwa mikutano yao, mahoteli na mikoba yenye majina. Chuo cha kifalme cha madaktari wa watoto cha Uingereza kiliacha Februari 2019. Naomba muutazame mwaka. Sheria ni ya 1981. Miaka 38 imepita, ndipo wakaona vibaya.

Jibu lao nalijua, maana nimelisikia kwa masikio yangu kwa mtu ninayemheshimu. "Bi, mikutano ina gharama. Serikali haitupi. Wanachama hawalipi ada. Tukikataa pesa za makampuni, nani atamsomesha daktari wa kisiwani mambo mapya?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mimi siipuuzi. Shida ipo. Lakini mwenye shida huuza mali yake. Imani ninayoingia nayo dukani si mali ya chama. Imejengwa na daktari mmoja mmoja aliyekesha na mgonjwa, na mkunga aliyeshika taa bila hata kulipwa nauli. Hao hawakuulizwa. Katibu wa chama akakaa mezani hotelini, akaitia saini.

Wengine watasema, basi nembo zote ni biashara, hata TBS na ZBS wanatoza ada. Hapana, tusichanganye mambo. Ada ya kupima ni kitu kimoja, mgao wa mauzo ni kitu kingine. Mpimaji wa kweli hulipwa ufaulu au ufeli, na ukifeli anakurudisha na mzigo wako. Tena ofisi ile ipo kwa sheria, ina mlango, mtu anaweza kwenda kulalamika. Lakini anayelipwa kwa kila kopo linalotoka, huyo anataka makopo yatoke. Hana siku atakayosema hili baya. Swali hilo hilo, na mtanisamehe, naliuliza hata kwa baadhi ya nembo za halali. Nyama, naelewa, kuna machinjo, kuna mtu anasimama pale na kutazama. Lakini nimeona nembo ya halali kwenye chupa ya maji. Maji! Mtu kalipia nini pale?

Ninalolikataa kabisa ni ile nasaha inayotolewa kila mahali, kwamba mnunuzi awe makini, asome mwenyewe, ajielimishe. Inasemwa kwa upole lakini maana yake ni kwamba ukidanganywa ni kosa lako. Mdogo wangu siku ya nane asome nini? Mama mwenye macho ya kuona karibu kwa shida, maandishi ya nyuma ya kopo ni Kiingereza na Kiarabu na ukubwa wa chungu, asome nini? Tuliwapa watu hao heshima, vyeti na viti vya mbele kwenye shughuli zetu ili wasome kwa niaba yetu. Wasiturudishie kazi huku wakibaki na kiti.

Ninachotaka ni kidogo. Chama chochote kinachotia jina lake juu ya kitu cha kuuzwa kiandike pembeni ya nembo, kwa Kiswahili, mambo matatu: tumepima nini, tumelinganisha na nini, tumelipwa shilingi ngapi na na nani. Kama nafasi ya pakiti haitoshi kwa maneno hayo, basi haitoshi kwa nembo. Na katika duka la dawa, asiye muuguzi wala mfamasia avae nguo zake za kawaida. Kanga inatosha, inapendeza pia.

Na sie wanunuzi tuna kazi moja tu, ambayo haihitaji cheti. Ni kuuliza kwa sauti, dukani, watu wakisikia: "Huyu aliyeshuhudia, kalipwa?" Muuzaji hatajua. Lakini akiulizwa na watu ishirini kwa siku atamuuliza anayemletea mzigo. Nimeshaanza. Juzi kijana wangu wa Darajani aliponiona anakuja mbio akacheka, "Mama, leo usiniulize ya chama!" Nikamuuliza. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu nao wakageuza pakiti zao kutazama.

Ile dawa ya meno ina anuani ya mwagizaji upande wa nyuma. Nimemwandikia barua yenye maswali yale matatu, nikaipeleka kwa mkono na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Leo ni wiki ya tano. Wakijibu nitaliweka jibu lao hapa kama lilivyo, neno kwa neno, na wasipojibu nitarudi pale ofisini Jumatatu pamoja na binti yangu, maana yeye ndiye anayesoma maandishi madogo.